Krimu ya nyumbani kwa ngozi kavu inayowasha: maji yanajitenga, kuvu inaota. Nakosea wapi?

binti_kirumba

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua kuchanganya krimu za nyumbani. Siongelei za kung'arisha, ni za kulainisha ngozi tu.

Ngozi yenyewe ni kavu na inawasha. Miundi ina magamba meupe, migongo ya mikono ina nyufa ndogo ndogo. Huku Mwanza hali inazidi Juni mpaka Agosti, mvua zikishakatika na upepo ukiwa mkavu. Watumiaji ni wawili: mtu mzima anayeshinda kupara samaki na kushika barafu, na mtoto wa miaka 3.

Kipimo nilichotumia: mafuta ya nazi nusu kikombe, nta ya nyuki vijiko 2 vya chakula, maji ya waridi robo kikombe, glisirini kijiko 1 cha chakula, asali kijiko 1 cha chai, mafuta ya titrii (tea tree) matone 40, mafuta ya karafuu matone 40. Vyote kwenye sufuria moja juu ya mkaa mpaka viyeyuke, kisha kukoroga kwa mwiko mpaka ipoe. Inajaza kopo la kama gramu 200.

Matatizo: jioni inaonekana imeshikana vizuri, asubuhi kuna maji chini ya kopo. Siku ya 9 vidoa vyeusi vimeota juu. Mchana inakuwa mchuzi. Na ikigusa nyufa inachoma kweli kweli.

Nibadilishe nini? Na kihifadhi ni lazima, au titrii na karafuu zinatosha kuua wadudu?

Nawasilisha.

---

mizani_kwanza

Dada, umewaweka chumba kimoja watu wawili wasioelewana na hukuleta mshenga. Nta ya nyuki si mshenga wa maji na mafuta. Kazi yake ni kugandisha mafuta; maji inayaacha kama yalivyo. Unapokoroga kitu kikiwa moto, matone ya maji yananaswa kwenye nta inayoganda, ndiyo maana jioni unaona imeshikana. Usiku kucha matone yale yanatafutana, yanaungana, yanachuruzika chini. Glisirini nayo iko upande wa maji, haiyeyuki kwenye mafuta hata ukiikoroga mpaka kesho. Ukitazama kopo la namna hiyo kwenye mwanga utaona vishanga vyake vimekaa chini vinang'aa.

Vidoa vyeusi ni kuvu, na vimetoka kwenye maji hayo hayo. Maji ya waridi bila kihifadhi, juu yake asali. Asali ikiwa peke yake haiozi kwa sababu sukari imezidi maji. Ukishaizimua, inakuwa chakula cha vijidudu.

Ushauri wangu: kabla ya kupigana na krimu yenye maji, tengeneza kwanza mafuta ya mgando yasiyo na maji kabisa. Kwa ngozi iliyopasuka yanafanya kazi kuliko krimu nyingi, hayahitaji kihifadhi, na makosa yake yanarekebishika. Kipimo cha gramu 100, kwa uzito na si kwa vijiko:

siagi ya shea gramu 40
mafuta ya alizeti gramu 38
nta ya nyuki gramu 12
mafuta ya nyonyo gramu 9
vitamini E gramu 0.5
mafuta ya kunukia gramu 0.5, au usiweke kabisa na uongeze alizeti badala yake

Tafuta mizani ndogo ya dijitali inayosoma gramu 0.1, zile za kupimia vito. Kijiko kinadanganya: nta iliyokwanguliwa ikilegea ina uzito wake, ukiikandamiza kwenye kijiko kile kile ina mwingine, na tofauti ya gramu 4 za nta ndiyo tofauti ya mafuta ya kupaka na mshumaa.

Utaratibu. Sufuria kubwa yenye maji yanayochemka polepole, bakuli la bati juu yake. Usiweke nta moja kwa moja juu ya mkaa. Mafuta yakizidi moto yanawaka, na hata yasipowaka yanaungua na kubaki na harufu. Anza na nta pamoja na nyonyo, kwa sababu nta inahitaji kama nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi ndipo iyeyuke. Ikishakuwa maji, ongeza alizeti. Itaganda kidogo pembeni, subiri irudi. Mwisho shea. Shea iyeyuke yote, isibaki hata punje.

Hapo fanya jaribio la kijiko, watu wengi wanaliruka. Weka kijiko cha chuma kwenye friji mapema. Dondosha matone machache ya mchanganyiko juu yake, subiri dakika 2, kisha pitisha kidole. Kikiacha mfereji safi na mafuta yakayeyuka ukiyasugua kiganjani, umefika. Yakikwaruza na kuvunjika kama sabuni kavu, ongeza alizeti gramu 4. Yakiteleza yote kwenye kijiko, ongeza nta gramu 2. Kurekebisha yakiwa bado moto ni jambo la dakika, yakishaingia koponi ni kazi ya kuanza upya.

Kisha futa chini ya bakuli likauke (tone moja la maji likiingia umerudi kwenye shida ya mwanzo), liweke juu ya maji baridi au barafu na ukoroge. Yakianza kuwa mazito kama uji mwepesi, weka vitamini E na manukato, mimina. Upoaji huu wa haraka una sababu: shea ikipoa polepole, mafuta yake magumu yanaganda kwanza peke yake na unapata chengachenga kama sembe. Hazina madhara, zinayeyuka mkononi, lakini kwenye ngozi yenye nyufa zinakera. Zikitokea, yeyusha tena yote na upoze haraka zaidi.

Kuhusu mchuzi wa mchana: mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi kama 24. Mwanza usiku inashuka mpaka 17 au 18, mchana inapanda mpaka 28 au 29. Kwa hiyo kopo lenye nazi nyingi linaganda na kuyeyuka kila siku. Nazi si mbaya, ila isizidi gramu 10 hadi 15 kwenye 100.

---

asili_tupu

Kemikali za nini? Kata alovera mbichi, changanya na asali na mafuta ya nazi, paka. Bibi zetu hawakuwa na kihifadhi.

---

mizani_kwanza

Hawakuwa nacho kwa sababu hawakuhifadhi. Walikata, wakapaka, wakatupa kilichobaki. Ukifanya hivyo hivyo hakuna ugomvi: ute wa alovera wa leo, upakwe leo. Ubaya unaanza pale unapouweka kwenye kopo wiki 3. Na osha kwanza ule utomvu wa njano unaotoka chini ya ganda, huo unawasha ngozi kavu kuliko shida uliyokuwa nayo.

---

mfamasia_wa_kona

Naomba kabla ya vipimo tuulize inawasha kwa nini, maana huku ziwani mambo 4 yanafanana machoni na krimu inasaidia moja tu.

Ukavu wa kawaida na pumu ya ngozi: magamba, nyufa, kuwasha zaidi baada ya kuoga kwa maji ya moto. Pumu ya ngozi hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na kwa kawaida huanza utotoni. Hapa mafuta ya kupaka ni sehemu ya tiba yenyewe.

Upele: unawasha usiku kuliko mchana, una vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, na mara nyingi nyumbani anawashwa zaidi ya mtu mmoja. Huyu ni mdudu aliyechimba ndani ya ngozi. Mafuta ya nazi, titrii, karafuu, vyote vinamlainishia tu nyumba. Dawa zake ni permethrini 5% au benzili benzoeti, kaya nzima siku moja, hata asiyewashwa. Permethrini inakaa mwilini saa 8 hadi 14 ndipo inaoshwa, na inarudiwa baada ya siku 7. Mashuka na nguo za siku zile zifuliwe kwa maji ya moto na zianikwe juani. Kuwasha kunaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata mdudu akishakufa, usidhani dawa imeshindwa ukaanza kupaka kila siku. Katika wiki hizo ndipo mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanafaa.

Choa: duara lenye ukingo ulioinuka na katikati pametulia. Hii ni fangasi, inataka krimu ya fangasi. Ukiifunika na mafuta mazito na joto hili, unaipa mazingira inayopenda.

Muwasho wa kuingia ziwani: vipele vidogo vinavyotokea ndani ya dakika au saa chache baada ya kukanyaga maji ya kando yenye majani na konokono. Ni viluwiluwi vya kichocho au vya jamii yake vinavyopenya ngozi. Muwasho wenyewe unaisha, lakini kichocho cha tumbo hakiishi kwa krimu. Anayeingia ziwani mara kwa mara apime choo na apewe prazikwanteli, dawa ya kichocho, kituo cha afya.

Ukiona ngozi inatoa maji au usaha, nyekundu yenye joto, au mtu anawashwa mwili mzima bila kipele chochote, huyo ni wa hospitali. Mjamzito anayewashwa viganja na nyayo usiku aende kliniki siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari mwenye nyufa kisigino asijitibu kwa kopo la nyumbani.

Kwa huyo mpara samaki: barafu, maji ya chumvi na sabuni ya mche mara 10 kwa siku vinakwangua mafuta ya asili ya ngozi kuliko krimu yoyote inavyoweza kurudisha. Sabuni ni alikali, pH yake ni kama 9 hadi 10, ngozi inataka karibu 5. Glavu za mpira wakati wa kazi, anawe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, afute kwa kugusagusa na si kusugua, apake ndani ya dakika 3 ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando hayaleti maji, yanafungia yaliyopo. Ukipaka kwenye ngozi kavu kabisa umefungia ukavu.

Na mpake vya kutosha. Kwa mtu mzima anayepaka mara 2 kwa siku, mikono miwili hadi vifundo inakula gramu 25 hadi 50 kwa wiki, miguu miwili gramu 100 hadi 200. Kopo la gramu 50 linalodumu miezi 2 linaonyesha hapaki.

Tahadhari moja ndogo: khanga na mashuka yaliyolowa mafuta haya yanashika moto haraka. Anayepika kwa mkaa au kuni afute mikono kwanza na asikae karibu na jiko na nguo iliyojaa mafuta.

---

harufu_na_kipimo

Nijibu la karafuu na titrii, maana ndipo pa kuchoma.

Mililita 1 ya mafuta ya kunukia ni takriban matone 20, ingawa dripu za chupa zinatofautiana, kwa hiyo bora kupima kwa gramu. Matone 40 ya karafuu ni mililita 2. Kwenye gramu 200 hiyo ni 1%. Kikomo cha karafuu kwenye kitu kinachobaki kwenye ngozi ni 0.5%. Umeweka mara 2, tena kwenye ngozi yenye nyufa ambako kila kitu kinaingia haraka. Kinachochoma ni eujenoli, ndiyo ile inayotia ganzi jino. Harufu yake nzuri haina uhusiano na upole wake.

Kuna mkanganyiko wa dukani pia. "Mafuta ya karafuu" ni jina la vitu viwili: karafuu zilizolowekwa kwenye mafuta ya nazi, na mafuta yaliyokamuliwa kwa mvuke, makali, kwenye chupa ndogo ya mililita 10. Kipimo cha la kwanza ukikitumia kwa la pili unaunguza mtu. Namna rahisi ya kuyatofautisha: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, liache kivulini siku chache. Ya mvuke hupotea karibu yote, pengine yakaacha rangi kidogo. Yaliyolowekwa au kuchakachuliwa kwa mafuta ya kupikia huacha duara la grisi linalopitisha mwanga. Na usiyaweke kwenye vikopo vya plastiki nyepesi inayokatika kama kioo, eujenoli inaila. Chupa ya kioo cheusi, kifuniko kikaze.

Vikomo vya kukumbuka kwa vitu vinavyobaki kwenye ngozi: karafuu 0.5%, mchaichai 0.7%, mdalasini wa gome 0.07%, ambayo ni sawa na kusema usiuguse. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye maganda ya ndimu 0.7% na ya limau 2%, kwa sababu yakipigwa na jua yanaunguza na kuacha madoa meusi. Kwa jua letu la nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, mimi nayaondoa kabisa kwenye kitu cha miguu na mikono.

Kwa ngozi inayowasha ninakubali kimoja au viwili tu: lavenda, chupa iliyoandikwa Lavandula angustifolia, au kamomili, kwa 0.5%. Hiyo ni gramu 0.5 kwenye 100, matone kama 10. Titrii, Melaleuca alternifolia, ina kazi yake kwenye chunusi na fangasi, kwa ukavu haina la maana. Zote mbili, lavenda na titrii, zikikaa wazi zinashika hewa na kugeuka, na zikishageuka ndipo zinapoanza kuleta mzio. Chupa iliyofunguliwa zaidi ya mwaka, inayonuka kama rangi ya mafuta, tumia kusafishia choo.

Mtoto wa miaka 3: mtengenezee kopo lake lisilo na harufu yoyote. Mkaratusi na mnanaa usimpake usoni wala kifuani, na chupa ziwekwe asipofika. Hata kijiko kimoja cha chai cha mkaratusi akikinywa ni dharura.

Jaribio kabla ya kupaka mwili: kiasi cha punje ya harage, ndani ya mkunjo wa kiwiko, mara 2 kwa siku, siku 7. Si dakika 10. Mzio wa kweli unachelewa, unaweza kutulia siku 3 za mwanzo kisha ukalipuka siku ya 5.

Na jibu la swali lako la mwisho: kwa vipimo salama kwa ngozi, mafuta ya kunukia hayahifadhi krimu. Kipimo cha kuua kuvu kitaua na ngozi. Vitamini E nayo si kihifadhi. Inachelewesha mafuta kuchacha, basi.

---

fundi_krimu

Nakubaliana na mizani_kwanza kwamba uanze na mgando, lakini kuna wakati mtu anataka krimu nyepesi ya mchana isiyopaka shati. Inawezekana nyumbani, ila uheshimu hatua. Gramu 200:

Upande wa maji: maji yaliyochujwa kwa mvuke gramu 138, glisirini gramu 8.
Upande wa mafuta: alizeti gramu 24, shea gramu 12, nta ya kuunganisha, yaani emalsifaya, gramu 14.
Ya mwisho: kihifadhi gramu 2, vitamini E gramu 1, lavenda gramu 1.

Hiyo nta ya kuunganisha ndiyo mshenga aliyetajwa. Ni chengachenga nyeupe, haina uhusiano na nyuki. Ulizia wanaouza malighafi za sabuni na losheni, na hakikisha muuzaji anakuambia inatumika kwa asilimia ngapi, maana zinatofautiana. Hii ya 7% ni ya kawaida.

Pasha bakuli zote mbili, kila moja kwenye maji yake ya moto, mpaka nyuzi 70 hadi 75, zikae hapo dakika 20. Bakuli la maji lipime uzito kabla na baada. Yaliyopotea kwa mvuke yarudishe kwa maji mengine ya moto, la sivyo vipimo vyote vinahama. Zote zikiwa na joto moja, mimina mafuta kwenye maji na usage kwa blenda ya mkono. Kichwa cha blenda kizame chote kabla ya kuwasha, uwashe sekunde 20, upumzishe, uwashe tena, kwa dakika 3 hivi. Ukiinua kichwa kikiwa kinazunguka unaingiza hewa na krimu inakuwa povu.

Itaonekana nyepesi kama maziwa. Usiogope na usiongeze nta. Inanenepa ikipoa, na nyingine zinaendelea kunenepa mpaka kesho yake. Koroga kwa kijiko safi mpaka ishuke chini ya nyuzi 40, ndipo weka kihifadhi na lavenda. Ukiviweka kwenye moto, lavenda inapaa na vihifadhi vingine vinaharibika.

Kihifadhi kinachopatikana kirahisi ni fenoksiethanoli iliyochanganywa na msaidizi wake. Mwisho ni 1%, haizidi. Nusu ya kipimo si "usalama zaidi", ni kuvu iliyochelewa wiki 2. Pima na pH kwa karatasi, lenga 5 hadi 5.5, ikizidi, shusha kwa matone ya asidi ya sitriki iliyoyeyushwa 10% kwenye maji. Si kwa kukamulia ndimu.

Ikijitenga ndani ya saa 24, sababu huwa ni tatu: joto la bakuli lilitofautiana, nta ya kuunganisha ilipungua, au umekoroga kwa mwiko badala ya kusaga. Ipashe tena mpaka 70, saga upya, weka kihifadhi na manukato upya kwa kuwa vya kwanza huwezi kuvitegemea.

Vyombo: osha, suuza kwa maji ya moto, pulizia spiriti ya 70%, viache vikauke vyenyewe vikiwa vimeinamishwa. Kitambaa cha jikoni kinarudisha uchafu wote.

---

binti_kirumba

Asanteni sana, nimeona makosa yote. Maswali machache: maji ya betri yanayouzwa sheli ndiyo hayo ya mvuke? Shea ikikosekana niweke nini? Mafuta ya zeituni je? Mwarobaini? Na siku nikitaka kuuza kwa majirani inakuwaje?

---

fundi_krimu

Maji ya betri usitumie. Yanatengenezwa kwa ajili ya betri, hakuna anayeangalia vijidudu, na rafu ile ile ina galoni za asidi zinazofanana nayo. Ulizia maji ya mvuke kwenye maduka ya vifaa vya maabara au dawa. Ukikosa, maji ya kunywa ya chupa uliyoyachemsha yanafaa kwa kopo dogo la kutumia wiki 3, kihifadhi kikiwemo. Kuchemsha kunaua vijidudu, madini hakuyatoi.

---

mizani_kwanza

Shea ikikosekana: mafuta mgando ya dukani (petroli jeli, kama Vaseline) yasiyo na harufu gramu 30 na nazi gramu 10 badala ya zile 40, nta ipunguze iwe 10 na alizeti iwe 40. Najua watu wa asili tupu watanuna, lakini hakuna mafuta ya mmea yanayozuia maji kutoka kwenye ngozi kama hayo, na ni nadra sana kumletea mtu mzio. Kwa visigino na nyufa za mikono mtu akipaka hayo peke yake usiku na kuvaa soksi na glavu za pamba, hajakosea kitu. Ukibahatika kupata shea ya Uganda ya kaskazini, jua ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, ongeza nta gramu 2.

Zeituni ningeiacha. Ina asidi ya oleiki nyingi, inayolegeza ukuta wa ngozi, na kwa mwenye pumu ya ngozi ukavu unazidi. Alizeti ina linoleiki, ndiyo ngozi inayoitaka. Chukua iliyosafishwa, ya kula, isiyo na harufu. Ile ya kukamuliwa mtaani yenye machicha inachacha upesi. Inuse, ikiwa na harufu ya karanga za mwaka jana mwachie mpika chapati, na hata yeye asiikubali.

Mwarobaini: mafuta yake ya mbegu, 5% inatosha, yanasaidia kidogo kwa kuwasha na yananuka kama kitunguu saumu kilichoungua. Majani ukitaka kuyaloweka kwenye mafuta, yawe makavu mpaka yanavunjika mkononi. Jani bichi ni maji.

---

mfamasia_wa_kona

La kuuza: tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, kwa hiyo usajili wa bidhaa na eneo unaanzia huko, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanasaidia wajasiriamali kujiandaa. Andika kwenye kopo viambato vyote, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho. Mgando huu miezi 6, krimu ya maji miezi 3. Usiandike inatibu pumu ya ngozi. Ukishasema inatibu, unaongelea dawa, na dawa ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Na mteja akikuomba "weka na ile tyubu ya duka la dawa ifanye kazi haraka", kataa. Tyubu hizo nyingi zina steroidi, ukizichanganya kwenye kopo la gramu 200 hakuna anayejua anapaka kiasi gani. Wiki ya kwanza ngozi inatulia na kila mtu anafurahi. Baada ya miezi inakuwa nyembamba, inachubuka, inaota mistari. Huo ndio mkorogo wenyewe, hata ukiuita wa asili.

---

binti_kirumba

Nimetengeneza ule mgando wa shea bila harufu, gramu 100. Kijiko cha friji kimepita. Ila leo asubuhi naona vitone vya maji ndani ya kifuniko, na sikuweka maji popote.

---

mizani_kwanza

Umefunika ukiwa bado wa moto. Hewa ya ndani imetoa jasho kwenye kifuniko, na jasho hilo likidondoka juu ya mgando, kuvu inaanzia hapo hapo. Futa kifuniko kwa karatasi safi, kipulizie spiriti, kikauke. Uso wa mgando nao ugusagushe kwa kona ya karatasi mpaka isilowe. Mara nyingine mimina, funika kwa kitambaa safi kikavu kisichogusa mafuta, subiri saa 4 au mpaka chini ya kopo pasiwe na joto mkononi, ndipo ufunge. Na kuchota ni kwa kijiko kikavu, hasa huyo anayetoka kupara samaki.